Na Wake Zao Waandike

Tanurini
Jumatatu, 3 Machi

Cheche mume wangu,

Nyumbani ni salama. Mama yako hajambo, goti lake limetulia na amerudia kazi yake ya kunikosoa. Mlango wa tanuri uliouchomelea kabla hujaondoka bado umeshika, ila bawaba ya chini inalia kila ninapofungua alfajiri. Majirani wameacha kutega saa, wanaamka na bawaba yako.

Nina habari. Kaa chini kwanza, na kama uko juu ya daraja, shuka.

Jana baada ya ibada tulibaki kuchagua wazee wa kanisa. Unajua inavyokuwa. Mzee Misumari anafunga duka lake la vifaa Jumamosi mapema ili aandae majina, anasimama na majina yaleyale sita, tunapiga makofi, tunakwenda zetu kula. Safari hii mke wa fundi saa alisimama. Akauliza kwa nini kanisa lililojaa wanawake lina wazee wanaume watupu. Misumari akajibu kwamba hakuna aliyewakataza wanawake, ni wenyewe tu hawajawahi kupendekezana. Mama wa watu hakukaa. Akasema, "Ahaa, kumbe. Basi mimi nampendekeza Hamira, mwoka mikate." Nikatafuta pa kujificha nisipaone. Misumari akaongeza jina la saba kwa kalamu iliyokuwa inakwaruza, watu wakanyoosha mikono.

Nimepita, Cheche! Nimepata mikono mingi kuliko Misumari mwenyewe. Leo nimefurahi mpaka nimeunguza mikate ya kwanza, na wateja wamenunua hivyo hivyo kwa kunipongeza.

Limebaki jambo moja dogo. Kanisa letu lina kanuni ya zamani kwamba mwanamke mwenye mume akichaguliwa kwenye huduma, sharti alete barua ya mumewe kuwa ameridhia. Mchungaji aliniambia mlangoni kwa upole, akasema ni utaratibu tu wa kulinda amani ya nyumba. Kuwekewa mikono ni Jumapili ya mwisho ya mwezi huu. Bila barua yako jina langu litarukwa. Najua huko simu haishiki, kwa hiyo andika mistari miwili umpe dereva wa lori la saruji akirudi. Mistari miwili tu, usije ukaanza kunieleza habari za nguzo.

Mwezi wa saba ukija likizo kama ulivyoahidi, utamkuta mzee wa kanisa anakufungulia mlango. Ujifute miguu.

Mkeo akupendaye,
Hamira

*

Kambini, ng'ambo ya mto
Ijumaa, 7 Machi

Hamira wangu,

Barua yako nimeipata, na mkate uliouficha kwenye kiti cha dereva umefika ukiwa mzima. Nimeula na wenzangu watatu tukiwa tumesimama. Mkate wa huku ungeweza kujengea daraja.

Kazi inakwenda. Nguzo ya tatu imesimama na sasa tunaunganisha vyuma vya juu. Siku nzima nachomelea nikiwa nimening'inia kwa mkanda, maji yanapita chini, na huruhusiwi kuyatazama. Vijiti vya kuchomelea tulivyoletewa wiki hii vilishika unyevu, vinatema mate badala ya kuungua. Viatu vyangu vimepata matundu ya cheche, lakini mguu mzima. Kuhusu nguzo sisemi zaidi, umenikataza.

Hongera kwa kuchaguliwa. Nilipaswa kuanza na hilo.

Sasa nisikilize mke wangu. Jumatano hapa kambini tulikuwa na ushirika, tukasoma Waefeso, pale penye kichwa cha habari "Wake na Waume". Tukafundishwa vizuri kwamba mume ni kichwa cha mke. Ndugu wote walikubaliana, hata wale ambao huwa hawakubaliani kuhusu chumvi kwenye chakula. Nimetoka pale nikiwa na mawazo. Sisemi huwezi. Nani asiyejua unavyoweza? Ila mzee wa kanisa ndiye anayeitwa nyumba ikiwaka moto, anakaa katikati ya mume na mke, anaamua. Nikirudi nitakuwa nani mimi? Wanaume watasema Cheche anachungwa na mkewe. Huku pia habari zitafika, maana lori hili halibebi saruji peke yake.

Nakuomba umwambie Mchungaji kwamba bado tunatafakari. Uchaguzi mwingine utakuja. Sijakataa, elewa, nimesema tu tusubiri.

Kuhusu mwezi wa saba tutaona, kazi ina mambo yake.

Naandika haraka kwa kuwa ndugu wananisubiri nje na funguo za kanisa ziko mfukoni mwangu. Msalimie Mama.

Mumeo,
Cheche

*

Tanurini
Jumatano, 12 Machi

Mume wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nimekasirika na sifichi. Mama aliniuliza kuna nini, nikamwambia unga wa leo hauumuki. Akautazama unga ulivyofurika beseni, akaniletea beseni la pili.

Tuanze na Maandiko, maana ndiko ulikokimbilia. Nimefungua ile Biblia tuliyonunua nakala mbili mwaka wa harusi yetu, moja yako moja yangu, yenye vichwa vya habari kwa wino mzito. Nimeona mlikopotea. Ninyi mmeanza kusoma chini ya kichwa cha habari. Kile kichwa hakikuandikwa na Paulo, kiliwekwa na wapiga chapa ili kutusaidia kupata mahali. Panda mstari mmoja juu yake. Pale mtume anawaambia Wakristo wote, wanaume kwa wanawake, watiiane wao kwa wao kwa kumcha Kristo. Akishasema hayo ndipo anaingia nyumbani kwa mtu. Mke anaambiwa maneno machache. Mume anaambiwa mengi, na mazito: ampende mkewe jinsi Kristo alivyolipenda kanisa, mpaka kulifia. Sijasikia kama na hilo ndugu wote walikubaliana.

Ukimaliza hapo nenda kwa Wagalatia, usome jinsi waliobatizwa walivyovikwa vazi moja, wala hapaulizwi huyu ni mume au huyu ni mke. Kisha nenda kaburini asubuhi ile ya Pasaka. Bwana aliwatuma wanawake wakawape mitume habari kubwa kuliko zote. Hakuwadai barua za waume zao.

Unauliza utakuwa nani. Utakuwa mume wangu, unadhani nani? Tanuri hili naliongoza mimi, na watu wanne wa kazi wananisikiliza, na hujawahi kupungua kimo kwa sababu hiyo. Lakini ulipokuwa unachomelea mlango nilikuambia bawaba ya chini ni fupi, ukasema fundi ni wewe. Nani anaisikiliza kila alfajiri?

Kinachoniuma si hofu yako. Hofu ningeielewa, ungeniandikia tu, "Hamira, naogopa kuchekwa," nami ningekucheka kidogo kisha nikakushika mkono. Kinachoniuma ni kwamba umeichukua hofu yako ukaivisha joho la mtume.

La mwisho. Funguo za kanisa la kambini zimekaa mfukoni mwako tangu lini? Huwa hawampi funguo mtu wa benchi la nyuma. Na hiyo "tutaona" ya mwezi wa saba imetoka wapi? Kuna kitu hujaniambia. Nijibu hayo mawili. Ile barua ya kanisa utaiandika au utaiacha, sitakuomba mara ya pili. Jumapili ya mwisho nitasimama mbele ya kanisa nikiwa nayo au sina.

Mkeo

*

Tanurini
Alhamisi, 13 Machi

Kwa Mchungaji,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini mama mchungaji na watoto hawajambo.

Nakuandikia kuhusu barua ya ridhaa. Nimeitafakari kanuni hiyo nikiwa nakanda unga, mahali ninapotafakari vizuri, na sikuja kuipinga. Ulisema inalinda amani ya nyumba. Kama ni hivyo, ni kanuni nzuri mno kuwaachia wanawake peke yao.

Pamoja nami watawekewa mikono wanaume sita, na wote wana wake. Mzee wa kanisa huondoka nyumbani jioni, hukaa vikaoni, hubeba siri za watu, hufungua mlango wake kwa kila mwenye shida, na wageni hao hupewa chai na mtu. Nyumba za hao sita nazo zina amani inayohitaji kulindwa. Naomba kila mmoja wao alete barua ya mkewe, iliyoandikwa kwa mkono wa mke mwenyewe, kabla ya Jumapili ile ile.

Baraza likiona ombi hili ni kichekesho, naomba lijiulize kwa nini barua yangu mimi haichekeshi.

Nakutumia na mkate wa maziwa. Hauhusiani na ombi hili, ni wa watoto.

Mimi katika huduma,
Hamira, mwoka mikate

*

Ofisi ya Mchungaji
Jumatatu, 17 Machi

Dada yangu katika Bwana,

Amani iwe kwako. Mkate umeliwa kabla sijavua viatu.

Barua yako niliisoma mbele ya baraza jana. Ukweli ni kwamba walicheka, na mimi nilicheka nao. Kisha fundi saa akasema, "Ila swali lake halijajibiwa," na kicheko kikakatika. Tukafungua kanuni tuone sababu yake. Kweli imeandikwa "kwa ajili ya amani ya nyumba", na hakuna aliyeweza kunieleza nyumba ya mwanamume inapataje amani bila kuulizwa mwenye nyumba wa pili. Nimehubiri miaka mingi kwamba Mungu aliwaumba wote wawili kwa mfano wake. Nilikaa pale nikajiona kama mtu aliyefundisha hesabu bila kuifanya.

Nilidhani tutabishana mpaka jioni, lakini Mzee Misumari alimaliza kazi. Alisimama, akafunga vifungo vya koti, akasema, "Tunaogopa nini? Wake zetu wataandika kabla chai haijapoa. Na wake zao waandike! Nani hapa ana wasiwasi na mkewe?" Hakuna aliyetaka kuonekana ana wasiwasi na mkewe. Wote sita walinyoosha mikono.

Basi imepita. Barua saba kabla ya Jumapili ya mwisho, sita za wake na moja ya mume. Nami nangoja ya kwako.

Mchungaji wako

*

Nyumbani
Jumatatu, 24 Machi

Mwanangu,

Mkeo hajui kama nakuandikia, na dereva wa lori nimemkanya asiseme. Nimevaa miwani ya marehemu baba yako, kwa hiyo nivumilie herufi zikiwa kubwa.

Umekosa mambo mwanangu. Mji mzima unacheka. Wale wazee walioambiwa walete barua za wake zao walirudi nyumbani wakadhani wanakwenda kuokota embe lililoanguka. Misumari alimwekea mkewe karatasi aliyoiandika mwenyewe, akamwonyesha pa kutia sahihi. Mkewe akamwambia aiache hapo, atatia sahihi akipata nafasi, kama yeye alivyosema atatengeneza bomba la jikoni akipata nafasi. Karatasi iko pale pale, imewekewa sufuria. Mwalimu ameonekana anaanika nguo uani, na alizianika vizuri. Yule mwenye mashine ya kusaga ameulizwa na mkewe ataje siku ya mwisho aliyokula chakula cha jioni nyumbani. Inasemekana bado anafikiri.

Misumari alikuja hapa mwenyewe kununua mkate. Alizunguka zunguka, kisha akamuuliza mkeo kama barua inaweza kuwa ya mstari mmoja. Mkeo akamjibu, "Hata neno moja, Mzee, mradi liwe la kwake." Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nimecheka mpaka goti limeuma.

Sasa la kwetu sisi wawili. Baba yako alikuwa mzee wa kanisa tangu wewe unanyonya mpaka siku tuliyomzika. Alipatanisha ndoa za watu wengi, na walikuja mazishini wakalia kuliko mimi. Alikuwa mtu mwema, na alinipenda. Lakini miaka yote ile nilikuwa wa kufungua mlango na kuulizwa, "Mzee yupo?" Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimekubali kumtoa. Juzi usingizi ulipogoma nilijiuliza, je, wangeniuliza ningeandika nini? Ningeandika ndiyo, mwanangu. Niliiamini kazi yake. Lakini ile ndiyo waliichukua bila kuniomba, nami nilitamani sana kuitoa kwa mkono wangu. Nimelia kidogo, halafu nikaamka nikala mkate.

Mkeo anajifanya hangoji barua yako. Lori likinguruma barabarani anatoka nje na unga mikononi. Wewe ni mwanangu na simwambii mtoto mzima la kufanya, ila kukaa kimya sikukufundisha.

Mama yako

*

Kambini
Alhamisi, 27 Machi

Hamira wangu,

Mto umefurika, na kivuko cha malori kimefungwa. Dereva anasema hajui ataondoka lini. Naandika hivyo hivyo, ijapokuwa najua huenda Jumapili ikapita kabla hujanisoma. Nimechelewa kwa kosa langu, mto umenimalizia tu.

Uliniuliza mawili. Funguo ninazo tangu Januari, ndugu waliponichagua kuwa kiongozi wa ushirika. Aliyefundisha Waefeso siku ile ni mimi. Niliandika "tukafundishwa" na kalamu haikutetemeka hata kidogo. La pili, kiongozi anatakiwa abaki mwezi wa saba kuendesha semina ya kambi zote tatu. Nilikubali siku ile ile waliponiambia. Sikukuuliza, na baadaye nikaona haya kukueleza, nikaona afadhali mwezi wa saba uje wenyewe ukueleze. Hakuna mtu hapa aliyenidai barua yako, na mimi sikuona kuna kilichopungua. Kisha wewe ukaniomba mistari miwili nami nikakuhubiria. Nisamehe.

Jana jioni ilikuwa ushirika. Nilipanda mstari mmoja juu ya kichwa cha habari, kama ulivyosema, nikausoma mbele yao. Nikarudia. Mpishi wa kambi akauliza, "Huu ulikuwepo wiki ile?" Nikamwambia ulikuwepo, niliuruka mimi. Tulikaa nao mpaka taa ikaanza kukosa mafuta, na watu wazima wenye mikono ya vyuma walikuwa wanakumbuka mambo waliyokatia shauri nyumbani bila kumuuliza mtu. Mwisho nikaweka funguo mezani. Nikawaambia sitazichukua mpaka mke wangu aandike kama ameridhia, na kwamba hiyo semina pia iko mikononi mwake. Walinicheka, Hamira. Kile nilichokuwa nakiogopa kimenipata, na chakula kimepita kooni vizuri tu.

Ndani ya bahasha hii nimeweka barua ya kanisa. Nimeiandika hivi:

"Kwa Kanisa na Baraza la Wazee. Mmeniomba nimruhusu mke wangu awe mzee wa kanisa. Ruhusa hiyo sina, kwa sababu alichopewa na Mungu hakikupitia mfukoni mwangu. Ninachoweza ni kumshuhudia. Nimeishi naye. Anasema kweli hata inapomgharimu usingizi. Wenye shida wanaondoka kwake wameshiba, na mara nyingi wameambiwa na makosa yao. Alinionya kuhusu bawaba na alikuwa sahihi. Nikiwa na ugomvi wowote, ningetaka yeye ndiye akae katikati. Nampenda, naye ananitosha kuwa dada na mzee katika Kristo. Mimi, mumewe."

Kama wamekuruka, usinisamehe upesi.

Wako,
Cheche

*

Tanurini
Jumatano, 2 Aprili

Cheche wangu,

Lori limefika jana, limejaa matope mpaka kwenye vioo. Nilitoka na unga mikononi. Mama alikuwa dirishani anajifanya anapanga vikombe.

Nikueleze ya Jumapili kwanza. Jumamosi baraza lilikaa, na barua zilizokuja ni mbili, ya mke wa fundi saa na ya mke wa mwalimu. Nne hazikuonekana, na yangu ya tano. Misumari akashauri kanuni ya wanaume ianze mwakani, ya wanawake iendelee kama kawaida kwa kuwa watu wameizoea. Mchungaji, yule mpole unayemjua, akapiga meza. Akasema, "Maji mmeyavulia nguo wenyewe, mtayaoga."

Jumapili asubuhi alisimama mbele ya kanisa zima, akaeleza bila kuficha. Ama kanuni ibaki kwa wote saba na tuwaweke wawili tu, ama iondolewe kwa wote saba, maana kwa Mungu hakuna nyumba ya upande mmoja. Akauliza nani anataka iondolewe. Unajua mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa nani? Wa Misumari! Ulipanda mpaka koti likafunguka. Kanisa lilicheka, na mikono mingine ikamfuata yote.

Nilidhani imekwisha. Ndipo mke wa Misumari akainuka, akafungua mkoba, akatoa barua. Akasema aliiandika tangu Jumanne ya kwanza baada ya baraza kuamua, akawa anangoja tu mumewe amuombe kwa kinywa chake. "Sasa haidaiwi tena," akasema, "kwa hiyo mpelekeeni." Ikapita mkono kwa mkono mpaka mbele. Misumari aliisoma kimya, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Sijui ilisema nini, na hakuna aliyemuuliza. Alishuka madhabahuni akaenda kukaa karibu na mkewe mpaka alipoitwa.

Nilipopiga magoti sikuwa na neno lako lolote, Cheche. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa na uchungu, vyote vikiwa vimekandwa pamoja. Nilitazama mlango mara moja. Kisha nikaweka mikono yangu wazi na nikasema ndiyo kwa sauti iliyofika benchi la nyuma. Aliyeniwekea mikono pamoja na Mchungaji alikuwa Misumari, na kiganja chake kilinuka chuma, nikakukumbuka wewe. Mama alisimama peke yake kati ya watu walioketi, na hakuna aliyemwambia aketi.

Jana ndipo nikafungua bahasha yako. Barua yako imekuja siku ambayo hakuna kanuni inayoidai wala mtu anayeingoja mezani. Mchungaji hataitumia. Sijampelekea. Nimemsomea Mama, akaniomba nirudie pale pa mfukoni, kisha akaiomba alale nayo usiku mmoja. Nikampa, lakini kesho anairudisha, ni yangu.

Umenidanganya tangu Januari na hilo nimeliweka mahali, tutalizungumza uso kwa uso. Kukusamehe nimekusamehe, tena upesi, kinyume na ulivyoshauri. Karatasi ya pili wape ndugu zako.

Mkeo akupendaye,
Hamira

*

Tanurini
Jumatano, 2 Aprili

Kwa ndugu wa ushirika wa kambini,

Neema na iwe kwenu. Mume wangu ameniomba niwaandikie kama naridhia awe kiongozi wenu. Ninyi hamkunidai barua, na kanuni yenu haiitaki, ndiyo maana naiandika kwa moyo mweupe.

Namfahamu. Akichomelea kitu kinashika. Akikosea hukaa kimya siku kadhaa, mkimvumilia hurudi na ukweli wote mkononi na haubakizi. Mtu wa namna hiyo atawafaa. Naridhia, mrudishieni funguo.

Ila semina ya mwezi wa saba mtafutieni mwalimu mwingine. Mwezi huo kiongozi wenu anahitajika huku. Kuna bawaba ya chini ya mlango wa tanuri ambayo ni fupi, na mwenye mlango ameshaita fundi.

Mimi, mke wake,
Mzee wa Kanisa